Gari Nyekundu ya Tonton

Kuna watu wakikasirika wanalia, wengine wanakunywa pombe ya lotoko. Miye nikikasirika ninafanya kazi. Mwaka ule nilifanya kazi mpaka viganja vikatoka magamba, na sababu ilikuwa gari moja nyekundu ya milango miwili, mali ya tonton wangu, mdogo wake mama.

Niwaulize: mtu mwenye akili zake timamu analeta gari ya mbio Kisangani kufanya nini? Imelala chini karibu ilambe udongo, na barabara zetu, mvua ikinyesha, unaweza kufuga kambale ndani ya mashimo yake. Hiyo gari hata haikufika hapa kwa magurudumu yake. Ilitoka upande wa Uganda mgongoni mwa lori, imefunikwa turubai kama mgonjwa, na siku iliposhushwa watoto wa avenue nzima walikuja kuipapasa. Tonton hakuinunua ili akimbie. Aliinunua kwa ajili ya harusi. Yeye ni mfanyabiashara wa mchele, anautoa Bengamisa, na alikuwa amechoka kuitwa papa wa mchele. Alitaka kila bibi arusi wa Makiso na Mangobo atoke kanisani ndani ya kitu chake, na watu waulizane ile ni gari ya nani.

Miye ni fundi wa umeme wa magari, électricien kama tunavyosema. Kazi nilifundishwa na papa, baba yangu, aliyekuwa fundi wa malori, halafu nikaenda kuisomea institut. Papa alipokufa, tonton alitupa mama na miye nyumba ndogo katika parcelle, kiwanja chake cha zamani, kule Mangobo. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamia Makiso. Kwenye kona ya mbele, chini ya mti wa safu, nikajenga banda la mabati. Hapo ndipo nilipopata wateja. Mwanzoni wanaume walikuja kucheka, "Mama, weye njo utagusa gari yangu?" Baadaye wakawa wanakuja na kusubiri zamu kwa adabu. Ninasema hivi ili mjue nilikuwa nimeshikilia nini. Sikuwa na kitu kingine duniani isipokuwa ile kona, na jina la kwamba yule mwanamke wa Mangobo anatengeneza vizuri na haibi.

Sasa ugonjwa wenyewe. Ndani ya gari, batri ni kama pipa la maji la nyumbani: asubuhi unachota kuwasha moteur, yaani injini, halafu lazima mtu alijaze tena. Anayelijaza ni alternata, kile kidude cha duara kinachozungushwa na mkanda. Alternata ikilala, batri inachotwa bila kujazwa, na gari inakufa njiani. Gari nyekundu ilikuwa inakufa njiani.

Mara ya kwanza sikuona ajabu. Nilifungua alternata, nikakuta makaa yake yamelika, nikaweka mapya, nikapima kwa mita, umeme ukapanda vizuri, nikamrudishia tonton ufunguo. Akaizunguka gari, akapiga magurudumu mateke, akanusa mafuta, akagusa kila boulon na nati. Ndivyo alivyo. Hata mchele anaumwaga chini kabla ya kununua, anauma punje, anatema, anauma nyingine. Nikamtania, "Tonton, ukimuchunguza sana bata, hautamukula." Akacheka, akapanda, akaondoka. Hazikupita siku nyingi, gari ikafa mbele ya soko.

Nikabadilisha alternata nzima, ya occasion, iliyokwisha kutumika, lakini nzuri, nimeipima mwenyewe. Ikafa. Nikabadilisha mkanda. Nikafuata waya wa masse, ule unaounganisha batri na bodi ya gari, nikaukuta una kutu, nikautupa, nikaweka mpya. Nikaweka alternata nyingine. Hiyo nayo ikafa. Kila mara ni hadithi ile ile: gari inatoka kwangu nzima, inacharge, taa zinang'aa; inakaa siku chache ikisinziasinzia, halafu inazimika siku ya harusi, mbele ya watu.

Nikafikiri labda kosa ni namna yetu ya kutembeza maarusi. Harusi ya hapa mnaijua: fanfare mbele kwa miguu, gari inafuata mwendo wa konokono, taa zote zinawaka mchana kweupe, honi hainyamazi, muziki juu, na clim inampulizia bibi arusi asitoe jasho. Moteur ikizunguka polepole hivyo, alternata inatoa kidogo, na mzigo wote unabaki kwa batri. Nikamwambia dereva wa tonton, mtu mzima kutoka Kapalata, mpole, maneno yake machache, azime clim na akanyage kidogo kila wanaposimama. Alitii. Haikusaidia kitu.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Harusi ilikuwa ya watu wenye uwezo kidogo, fanfare ya tarumbeta na ngoma kubwa, wanatoka kanisani wanaelekea salle ya karamu. Katikati ya njia, pale penye tope zito, gari ikakohoa ikanyamaza. Wajomba wa bwana arusi wakaisukuma na suti zao. Haikuwaka. Mwisho bibi arusi alishuka, akashika gauni juu ya magoti, akapanda toleka, baiskeli ya abiria, akakaa kwenye ule mto wa nyuma, na mwenye baiskeli akamwambia ashike vizuri. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Tonton akanipigia simu, nikaja na pikipiki na mfuko wangu wa vifaa, nikamkuta shati limeloa jasho kwapani na mgongoni.

Hata capot, kifuniko cha moteur, sikufungua. Alininyooshea kidole mbele ya fanfare, mbele ya wale wajomba, mbele ya wateja wangu niliowaona kabisa kwenye umati, akasema kwa sauti yake ya kuuzia mchele:

"Mumuangalie huyu. Mutoto wa dada yangu. Anatoa vyuma vizuri mu gari yangu, anauzisha, ananiwekea paka mabovu tu. Kumbe niko nalisha mwizi mu parcelle yangu."

Nimetukanwa mara nyingi katika kazi hii. Nimeitwa mwanamke asiyejua kupika, nimeitwa mwanamume. Hayo yote ninayameza na chai. Lakini mwizi? Katika mji ambamo kila mtu anaamini fundi anakula vyuma vya gari yake, neno hilo halihitaji ushahidi, linasubiri tu mtu wa kulisema. Na aliyelisema ni ndugu wa damu, na ndugu akisema, nani atabisha? Nilitaka kumjibu, lakini mtu hamjibu tonton wake barabarani. Hiyo ndiyo heshima tuliyolelewa nayo: mkubwa anakuvua nguo mbele ya watu, na wewe unaokota nguo zako kimya kimya.

Jumapili yake, baada ya misa, akaitisha kikao cha familia pale pale parcelle. Alikaa kwenye kiti chenye mikono, akasema yeye si mtu mubaya. Binti yake ataolewa mwisho wa mwezi. Ile gari itambeba, na itambeba bila kuzimika. Ikizimika, nitang'oa mabati yangu, nitatoka na vifaa vyangu, na yeye atamwambia kila atakayeuliza kwa nini nimetoka. Hakuna aliyepinga. Mama aliangalia vidole vya miguu yake. Niliwaangalia wote mmoja mmoja, watu ambao nimewawashia magari yao alfajiri bila kuwaomba hata asante, na wakaona heri kunywa sucré, soda zao.

Wiki ile wateja walipungua. Mmoja alikuja kuchukua gari yake kabla sijaimaliza. Alisema ana safari. Alikuwa anaona haya, na aibu yake iliniuma kuliko kama angenitukana.

Basi nikafanya kazi. Nilizitoa alternata zote zilizokufa, nilikuwa nimezitunza chini ya meza, nikazifungua moja moja na kuzipanga juu ya mkeka. Zote zilikuwa na jeraha moja. Ndani ya alternata kuna vipande vidogo vinaitwa diode, kazi yao ni kuruhusu umeme upite upande mmoja tu. Katika kila moja, diode zilikuwa zimeungua. Hazikuzeeka wala kupata kutu. Ziliungua kwa pigo la ghafla. Na pigo la namna hiyo halitoki hewani. Linatoka kwa mtu aliyefunga batri kinyume, au kwa mtu aliyeng'oa waya wa batri moteur ikiwa inazunguka.

Hapo ndipo hasira yangu ikabadilika sura. Mpaka siku ile nilikuwa nimeikasirikia gari. Sasa nilijua kuna mkono wa mtu.

Alternata iliyofuata nikaifunga, na juu ya cosse, kile kichwa cha waya kinachobana batri, nikachora mstari mwembamba kwa vernis yangu ya kucha, nyekundu ile ile ya gari, kutoka kwenye boulon mpaka kwenye nguzo ya risasi ya batri. Mtu akifungua ile boulon, hata airudishe vizuri namna gani, mstari hautakutana tena. Sikumwambia mtu. Gari ikaenda. Iliporudi, imevutwa kwa kamba, kitu cha kwanza nilifungua capot. Mstari ulikuwa umekatika, nusu ya juu imeangalia huku, nusu ya chini kule.

Nikamuuliza dereva nani amegusa batri. Akaangalia angani kama anatafuta mvua. Akasema, "Mama, miye ni dereva tu. Watoto wangu wanakula kwa hii kazi." Nikajua anajua, na nikajua kwa nini hasemi.

Ilibaki alternata moja, ya mwisho, ilitoka Goma kwa ndege. Iliingia siku moja kabla ya harusi ya binti wa tonton. Niliifunga mchana, parcelle imejaa watu: tantine, mashangazi wa kila upande, wanachambua pondu ya majani ya muhogo, vijana wanapanga viti, na bibi arusi mwenyewe, binamu yangu, amekaa kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado. Tonton alikuwa amesimama nyuma ya bega langu muda wote. Nilipomaliza, nikapima, mita ikasema vizuri. Akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Sikumpa. Nikamuuliza mbele ya wote, "Tonton, nani anafungua cosse ya batri nikisha kukurudishia gari?"

Nilidhani atakana. Alijinyoosha, kama mtu anayeitwa mbele kupewa zawadi.

"Miye," akasema. "Kila mara. Ninafika nyumbani, ninaacha moteur inazunguka, ninatoa cosse. Moteur ikiendelea, alternata iko muzuri. Ikizimika, fundi amenikula. Njo papa yako alinifundisha, weye haukuzaliwa bado."

"Hata mara ya kwanza?"

"Hata mara ya kwanza. Fundi ni fundi."

Tafadhali mnisikilize vizuri hapo. Mara ya kwanza gari ilikuwa haijaniharibikia. Hakukuwa na bibi arusi kwenye tope, hakukuwa na aibu yoyote. Nilimrudishia gari nzima, tukataniana habari ya bata, akacheka na miye, akaenda nyumbani kwake kuangalia kama nimemwibia. Donc nilikuwa mwizi kabla kitu chochote hakijaibiwa. Na kule kuniangalia ndiko kulikoua alternata, na alternata ikifa, anapata ushahidi kwamba miye mwizi, anaangalia tena kwa nguvu zaidi, anaua nyingine. Mwaka mzima nilikuwa ninatengeneza kile alichokuwa anavunja, na lawama ni zangu.

Nikamweleza. Niliongea polepole. Malori ya papa yalikuwa na dynamo za zamani, hazina diode ndani. Unaweza kung'oa cosse, ukaangalia, ukairudisha, na lori likaenda Buta na kurudi. Ile ilikuwa njia nzuri ya kupima, na mafundi wazee wa mji huu wote walipima vile. Lakini hii ina alternata. Ukiondoa batri moteur inazunguka, umeacha bomba linamwaga halafu umevuta pipa: umeme hauna pa kwenda, unafurika, unaunguza diode. Moteur inaendelea kidogo, unafurahi, unarudisha cosse. Alternata imeshapata kidonda, itakufa siku zijazo.

Akatikisa kichwa. "Sasa unataka kusema papa yako alikuwa mujinga?"

"Ninataka kusema gari hii haiko lori."

"Ni maneno ya mwizi aliyesoma," akasema, na tantine mmoja akaguna kumuunga mkono.

Nikaingia ndani ya gari. Nikawasha moteur. Nikawasha taa zote, clim, muziki, kila kinachokula umeme. Mita nikaifunga kwenye waya pale kila mtu aweze kuiona. Halafu nikachukua ufunguo wa kumi, ule wa kufungulia cosse, nikampa tonton.

"Toa," nikamwambia. "Kama unavyotoaka."

Mama alikuja mbio na mikono yenye pondu. "Mwanangu, acha. Mungu wangu, kesho ni harusi ya mutoto. Hakuna alternata ingine. Utaongea naye kisha harusi." Alisema kweli, hakukuwa na nyingine. Nikamwangalia binamu yangu kwenye kigoda. Nilikuwa tayari kuacha, kama angetaka niache. Alikuwa ameshika nusu ile ya nywele ambayo haijasukwa.

"Yaya, dada yangu, fanya," akasema. "Miye nitaenda hata na toleka."

Tonton alikuwa na haraka ya kunishinda. Akalegeza boulon. Nikakanyaga accélérateur, akavuta cosse.

Taa za mbele ziliwaka weupe ambao sijawahi kuuona kwenye gari, mara moja, halafu zikapasuka ndani, zote mbili. Mita iliruka namba na kurudi. Muziki ukakatika. Na moteur, jamani, moteur iliendelea kuzunguka, na tonton akainua mikono akacheka. "Munaona? Munaona? Inaendelea." Alicheka peke yake. Watu walikuwa wanaangalia taa. Harufu ya kitu kilichoungua ilitoka chini ya capot ikafika mpaka kwenye masufuria. Nikamwambia arudishe cosse. Akairudisha. Kwenye dashibodi alama ya batri iliwaka nyekundu na haikuzimika, na mita ilionyesha umeme unashuka taratibu mbele ya macho ya familia nzima. Kabla pondu haijaiva, moteur ikazimika yenyewe. Kweli, haikuwaka tena.

Nilimngoja. Nilitaka neno moja tu, lirudishwe pale lilipotoka, mbele za watu. Tonton aliangalia mita, akaangalia ufunguo mkononi mwake.

"Bon," akasema. "Alors kesho mutoto wangu atapanda nini?"

Akaenda kupiga simu kutafuta gari ingine. Hilo ndilo lililomtoka mdomoni.

Binamu yangu aliolewa ndani ya jeep ya kuazima, na alipendeza. Kwenye salle, kabla ya chakula, tonton akachukua micro kwa hotuba ya mzazi. Alishukuru padri, akashukuru wakwe, akawashukuru waliotoka Isangi kwa mtumbwi. Halafu akaniona. Nikasema ndani yangu, leo analirudisha lile neno.

"Munajua kama nilikuwa ninamuzania mutoto wa dada yangu mwizi," akasema, na watu wakaanza kutabasamu. "Kumbe haiko yeye. Njo papa yake. Alinifundisha mubaya. Beau-frère yangu, shemeji, amekufa zamani, lakini ametoka mu kaburi kuniharibia gari."

Salle nzima ilicheka. Kuna mwanamke alipiga vigelegele. Mama alikuwa amefungua liboke yake ya samaki, akayafunga tena yale majani, polepole, hakula. Papa yangu, ambaye malori ya mji huu yalitembea kwa mikono yake, ambaye alimfundisha bure huyu huyu muuza mchele wakati hajui hata mahali pa kutilia maji, alifanywa kichekesho ili mwanamume mmoja asiseme kwamba amekosea. Nilisimama nikatoka. Nilipita katikati ya meza, sikukimbia.

Asubuhi nikang'oa mabati yangu mwenyewe. Hakunifukuza, sikumpa nafasi hiyo. Nilihamia kando ya barabara kule Kabondo, chini ya turubai, bila ukuta na bila kivuli cha maana. Mvua ilininyeshea, vumbi likanipiga. Wateja wengine walinifuata, wengine hapana, kwa maana hotuba ya harusi inachekesha lakini neno mwizi linabaki kwenye vichwa vya watu. Mama alibaki Mangobo, akawa ananiletea chakula na kunisihi. "Ni tonton yako. Amesha kusema haiko weye. Unataka nini tena?" Nilimwambia kama tonton alijua kupaza sauti kunichafua, ajue kupaza sauti kunisafisha. Hakunielewa, au alielewa akaogopa.

Gari nyekundu ilizunguka kwa mafundi wote wa mji. Dereva alinisimulia, akijizuia kucheka. Kila fundi aliweka alternata yake, na kila fundi, akitaka kumuonyesha tonton kazi nzuri, aling'oa cosse mbele yake moteur ikiwa inazunguka. Tonton alianza kuwapigia kelele waache, lakini mkono wa fundi ni mwepesi kuliko kelele. Akanitumia dereva: nirudi, nitapewa kona yangu. Nikajibu aje mwenyewe, na aje saa za watu.

Alikuja mchana wa soko. Gari ilivutwa kwa kamba na pikapu, yeye amekaa ndani anashika usukani, madirisha amefunga. Barabara ilikuwa imejaa wauza mandazi na makayabu, samaki wa chumvi, na kwangu walikuwa wamekaa wateja wanasubiri. Akashuka. Amekonda kidogo. Akasimama karibu sana na miye, akasema chini chini, "Haukuiba."

"Sisikii, tonton."

"Haukuiba."

"Ile siku ya fanfare ulisema kwa sauti gani?"

Aligeuka akawaangalia wauza makayabu. Mtu wa umri wake, papa wa mchele, katikati ya barabara. Sikumwonea huruma. Wengine watasema nilipaswa, na wao wana tonton zao. Alijaza kifua hewa, akasema kwa ile sauti ya kuuzia mchele: "Huyu ni mutoto wa dada yangu! Hakuniiba hata kintu moja!" Mwanamke wa mandazi aligeuka. Wateja wangu waliacha kuongea.

"Na papa?" nikamuuliza.

Aliangalia capot ya gari yake, na sauti ilipotoka haikuwa ya mchele tena, lakini ilisikika. "Papa yako alinifundisha lori," akasema. "Alinifundisha vizuri. Miye njo nililetea hii gari masomo ya lori."

Nikachukua vifaa.

Alternata aliyokuja nayo ilikuwa nzima, ameifungia ndani ya gunia la mchele ili fundi mwingine asiiguse. Niliifunga yote bila kusema naye, nikabana mkanda, nikapima, mita ikapanda ikatulia pale inapotakiwa. Nikaweka balbu mpya za mbele. Nikaacha moteur inazunguka. Tonton alisogea akainama juu ya batri, na mkono wake wa kuume ukatoka wenyewe mfukoni, ukaenda mpaka karibu na cosse, ukasimama hapo. Mkono ule umefanya vile tangu ujana wake. Sikuukamata. Nilibaki nimesimama na mita yangu, ninaungoja.

Akaurudisha, akaufutia kwenye suruali.

"Sasa nitajuaka namna gani kama iko inacharge?"

"Utaniuliza," nikamwambia.

Aliishika capot, akaishusha nusu, akaisimamisha, akaangalia barabara, akaangalia viatu vyake. Wateja wangu walikuwa wanasikiliza bila kujificha. Akafunga capot.

Halafu akauliza.